Ufaransa, Binti Mkubwa wa Kanisa: Nani Mrithi wa Ubatizo Wake?



Tarehe 9 Desemba 2025 nchi ya Ufaransa ilitimiza miaka 120 tangu kutungwa kwa sheria iliyotenganisha Kanisa na Dola. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 7 na 8 Desemba 2024, ulimwengu ulishuhudia Kanisa Kuu la Notre-Dame la Paris likifunguliwa upya baada ya kuungua moto tarehe 15 Aprili 2019. Baadhi ya waamini walioifuatilia ibada hiyo kwenye luninga walitujia na swali ambalo halikuwa dogo: inawezekanaje nchi ambayo sheria yake inasema haiitambui dini yoyote, Rais wake awapokee wakuu wa mataifa katika ufunguzi wa kanisa? Na kama Wafaransa wengi hawaendi tena Misa, kwa nini walilia siku ile mnara ulipoanguka?

Swali hili latudai tuitazame nafsi ya taifa la Ufaransa, historia yake na majeraha yake. Hatulifanyi hili kwa udadisi tu. Imani iliyoletwa Bagamoyo katika karne ya 19 ililetwa kwa sehemu kubwa na wana wa nchi hiyo. Yanayolipata Kanisa la Ufaransa ni habari za ukoo wetu.

Kisima cha ubatizo cha Reims

Wafaransa wanaposimulia chanzo cha taifa lao, wengi huanzia kwenye kisima cha ubatizo. Takribani mwaka 496, ingawa wanahistoria hubishania tarehe, Clovis, mfalme wa Wafranki, alibatizwa mjini Reims kwa mikono ya Askofu Remigius. Kwa sababu ya tukio hilo Ufaransa ikaja kuitwa "Binti mkubwa wa Kanisa", yaani kifungua mimba miongoni mwa mataifa. Kwa karne nyingi wafalme wake walipakwa mafuta huko huko Reims, na Mtakatifu Yoana wa Arko, aliyechomwa moto mjini Rouen mwaka 1431, alihesabu kazi yake kuwa imefika kilele pale alipomfikisha mfalme wake mjini humo ili atawazwe.

Ardhi hiyo imelizalia Kanisa watakatifu tunaowaheshimu katika parokia zetu kana kwamba ni majirani: Vinsenti wa Paulo, baba wa maskini, Margareta Maria Alacoque wa Paray-le-Monial, ambaye kwake ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ilienea, Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars, Bernadeta wa Lourdes, na Teresa wa Mtoto Yesu. Hata wale wasiojua Ufaransa iko upande gani wa ramani wamekwisha kuwaombea watoto wao kwa majina haya.

Hata hivyo, ukweli watudai tuutaje na upande wa pili. Taifa lililojiona kuwa moja kwa sababu ya imani moja lilishindwa kumvumilia aliyesali tofauti. Agosti 1572, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, maelfu ya Waprotestanti waliuawa Paris na katika miji mingine. Mwaka 1598 Mfalme Henri IV aliwapa uhuru kwa hati ya Nantes. Mwaka 1685 mjukuu wake, Louis XIV, akaifuta hati hiyo, na Waprotestanti wapatao 200,000 wakaikimbia nchi. Asiyekumbuka damu hiyo hataelewa kwa nini Mfaransa wa leo, akisikia dini ikitajwa bungeni, hushtuka kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka.

Pamoja na imani, nguzo nyingine ya utaifa huo ilikuwa lugha. Mwaka 1539 Mfalme François I aliamuru hati za mahakama na za serikali ziandikwe kwa Kifaransa badala ya Kilatini, na mwaka 1635 Kardinali Richelieu akakipatia Kifaransa chuo chake, Académie française, ambacho hadi leo hukaa kuchuja maneno na kutoa kamusi. Lugha nyingine za nchi hiyo, kama Kibretoni na Kioksitani, zilisukumwa pembeni, na shuleni watoto waliadhibiwa kwa kuzinena. Ni mataifa machache duniani yaliyoifanya sarufi kuwa jambo la serikali kiasi hiki.

Mapinduzi na Ufaransa mbili

Mwaka 1789 Ufaransa ilizaliwa mara ya pili. Tarehe 14 Julai watu wa Paris waliiteka ngome ya Bastille, na tarehe 26 Agosti Bunge likatangaza haki za binadamu na za raia. Tangu hapo Mfaransa si tena mtu aliye chini ya mfalme fulani wala mwamini wa dini fulani. Ni raia aliye sawa na wenzake mbele ya sheria. Tukiri bila kusita kwamba jambo hili lilikuwa jema. Wayahudi, ambao ufalme wa Kikatoliki uliwaweka pembeni karne nyingi, walipata uraia kamili mwaka 1791.

Lakini mapinduzi yale yaliyotangaza uhuru hayakuchelewa kumwaga damu. Mwaka 1790 mapadre walitakiwa kuapa utii kwa katiba iliyowafanya kuwa watumishi wa Serikali, wakichaguliwa kwa kura. Walioapa na waliokataa wakagawanyika, na familia zikagawanyika pamoja nao. Septemba 1792 mapadre na maaskofu waliuawa magerezani Paris. Tarehe 17 Julai 1794 watawa 16 wa Karmeli ya Compiègne walikwenda kwenye gilotini wakiimba. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandika katika orodha ya watakatifu tarehe 18 Desemba 2024, siku 10 tu baada ya altare mpya ya Notre-Dame kuwekwa wakfu.

Tangu wakati huo kukawa na Ufaransa mbili zisizosemezana: ile ya Reims, yenye msalaba na kumbukumbu ya mfalme, na ile ya Bastille, yenye bendera ya rangi tatu na maneno Uhuru, Usawa, Udugu. Mkataba wa mwaka 1801 kati ya Napoleon na Papa Pio VII ulizipatanisha kwa muda, kwa gharama ya kuwafanya maaskofu wawe walipwaji wa Serikali. Katika karne yote ya 19 vita vilihamia shuleni: nani amlee mtoto, paroko au mwalimu wa Jamhuri?

Sheria ya mwaka 1905 inasema nini hasa?

Hapa ndipo palipo na neno ambalo Wafaransa wenyewe huliona kuwa ufunguo wa utaifa wao, laïcité, yaani mfumo wa dola isiyofungamana na dini. Wengi hudhani maana yake ni kupiga dini vita. Tuisome sheria yenyewe. Kifungu cha kwanza kinasema Jamhuri huhakikisha uhuru wa dhamiri na kulinda uhuru wa ibada. Cha pili kinasema Jamhuri haiitambui, haiilipi mishahara wala haiipi ruzuku dini yoyote. Na papo hapo kinaruhusu fedha za umma zitumike kwa huduma za kiroho katika shule, hospitali na magereza.

Ilipopitishwa, iliumiza sana. Papa Pio X aliilaani mwaka 1906, maana Dola ilivunja mkataba bila hata kumwarifu Papa. Kanisa lilikataa kuunda vyama ambavyo sheria ilivitaka, na kwa hiyo likapoteza nyumba za maaskofu, seminari na mali nyingi. Maelewano yalipatikana mwaka 1924, Papa Pio XI alipokubali vyama vya kijimbo vilivyo chini ya askofu.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Makanisa yaliyojengwa kabla ya mwaka 1905 si mali ya Kanisa: makanisa makuu kwa sehemu kubwa ni ya Dola, na makanisa ya parokia ni ya manispaa, Kanisa linayatumia bure kwa ibada. Ndiyo maana Serikali ndiyo iliyosimamia ujenzi wa Notre-Dame, kwa sadaka za watu takribani 340,000 kutoka nchi 150. Ndiyo maana pia Waziri wa Utamaduni aliweza kupendekeza Oktoba 2024 kwamba watalii watozwe kiingilio, na Jimbo Kuu la Paris likaweza kukataa, likisema nyumba ya Mungu huingiwa bure. Mwenye mali ni mmoja, mwenye nyumba ni mwingine.

Kuna mengine. Huko Alsace na Moselle, ambako mwaka 1905 kulikuwa chini ya Ujerumani, sheria hii haitumiki, na hadi leo mapadre hulipwa na Serikali. Na kati ya siku 11 za mapumziko ya kitaifa, 6 zinatokana na kalenda ya Kanisa: Jumatatu ya Pasaka, Kupaa Bwana, Jumatatu ya Pentekoste, Kupalizwa Bikira Maria, Watakatifu Wote na Noeli. Jamhuri isiyo na dini humpumzisha mfanyakazi wake siku ya Mama Maria kupalizwa mbinguni!

Nani Mfaransa?

Mwaka 1882 mwanazuoni Ernest Renan, katika hotuba yake maarufu Paris, alifundisha kwamba taifa halijengwi na damu, wala lugha, wala dini, bali na kumbukumbu za pamoja na nia ya kuendelea kuishi pamoja, nia inayopaswa kufanywa upya kila siku. Jibu hili limeingia katika mifupa ya Ufaransa. Takwimu rasmi za nchi hiyo hazimuulizi mtu dini yake wala kabila lake. Katiba ya mwaka 1958 inaitaja nchi kuwa Jamhuri isiyogawanyika, isiyofungamana na dini, ya kidemokrasia na ya kijamii.

Jibu hilo zuri linapimwa leo kwa namna tatu. Kwanza, kwa historia ya ukoloni. Taifa lililotangaza haki za binadamu mwaka 1789 lilirudisha utumwa mwaka 1802 na kuufuta kabisa mwaka 1848. Liliitawala Algeria tangu mwaka 1830 hadi 1962, huku Waislamu wengi wa huko wakikosa uraia kamili kwa muda mrefu. Watoto na wajukuu wa watu hao sasa ni Wafaransa, nao huuliza kama kumbukumbu zao nazo ni kumbukumbu za taifa.

Pili, kwa uwepo wa Uislamu na kwa jeraha la ugaidi. Ufaransa haijasahau mauaji ya Januari na Novemba 2015. Haijamsahau Padre Jacques Hamel, mzee wa miaka 85, aliyechinjwa altareni tarehe 26 Julai 2016, wala mwalimu Samuel Paty aliyeuawa tarehe 16 Oktoba 2020. Wakati huo huo, sheria ya mwaka 2004 iliwakataza wanafunzi wa shule za Serikali kuvaa alama za wazi za dini, iwe hijabu, kofia ya Kiyahudi au msalaba mkubwa. Na mwaka 2023 katazo likafika kwenye abaya. Tuone mageuzi yaliyotokea. Mwaka 1905 sheria iliifunga Dola, ili raia awe huru. Karne moja baadaye, watu wengi wanaielewa kana kwamba inamfunga raia, ili Dola ionekane safi. Katikati ya tafsiri hizi mbili ndipo ulipo ugomvi wote wa leo.

Tatu, kwa mipaka ya uraia wenyewe. Hapa suala latugusa kwa jirani. Kisiwa cha Mayotte, katika Bahari yetu ya Hindi, ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu mwaka 2011. Wakazi wake wengi sana ni Waislamu, na Kishimaore wanachokisema ni ndugu wa Kiswahili. Mtoto wa wageni anayezaliwa huko anawekewa masharti magumu zaidi ya kupata uraia kuliko anayezaliwa Paris, masharti yaliyokazwa mwaka 2018 na tena mwaka 2025. Jamhuri isiyogawanyika hapo inagawanyika, na wanaohojiana juu yake ni Wafaransa wenyewe.

Wana wa Ufaransa hizo mbili katika pwani yetu

Pwani ya Afrika Mashariki iliionja Ufaransa ya pande zote. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion. Mwaka 1860, kutoka kisiwa hicho hicho cha Réunion, Padre Armand Fava aliwasili Zanzibar na wenzake. Miaka 3 baadaye Wamisionari wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakaipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 wakavuka hadi Bagamoyo kuwapa makao watumwa waliokombolewa. Njia iliyobeba minyororo ilibeba pia Habari Njema. Mmoja wa wamisionari hao, Padre Charles Sacleux, alikipenda Kiswahili kiasi cha kukiandikia kamusi kubwa iliyochapishwa Paris mwaka 1939, ambayo wataalamu huifungua hata leo.

Lakini yupo mmoja ambaye maisha yake yanaunganisha mada yetu yote: Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, ambao tangu mwaka 1878 walifika Tabora, Ujiji na Uganda. Mwaka 1888 alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akiupigia kelele utumwa wa Afrika. Na tarehe 12 Novemba 1890, mbele ya maofisa wa jeshi la majini mjini Algiers, ambao wengi wao walimtamani mfalme arudi, alisimama na kuwaambia kwamba wakati umefika kwa Wakatoliki kuikubali Jamhuri. Walikaa kimya kwa hasira. Lakini miaka 2 baadaye Papa Leo XIII aliwaandikia Wafaransa fundisho hilo hilo: namna ya utawala ni jambo moja, na sheria mbaya ni jambo jingine, Mkristo aiheshimu ya kwanza na kuipinga ya pili kwa njia halali. Laiti wangalimsikiliza mapema, pengine sheria ya mwaka 1905 isingalikuja kwa ukali ule.

Pango la Noeli na kisima cha maji

Je, ubatizo wa Reims umebaki nini? Mwaka 2016 mahakama ya juu ya mambo ya utawala iliamua kwamba ofisi ya manispaa inaweza kuweka pango la Noeli, mradi liwe la kiutamaduni, la kisanaa au la sherehe, lisionyeshe kuitambua dini. Kwa maneno mengine, Mtoto Yesu anakaribishwa ikiwa hamaanishi kitu. Wapo wanasiasa waliolifurahia jambo hilo, maana kwao Ukristo ni ukuta wa kumzuia mgeni. Sisi twaliona kuwa ni hatari kuliko sheria yoyote ya kutenganisha. Dola ikikataa kumlipa paroko, Injili haipungukiwi. Msalaba ukigeuzwa kuwa pambo la kabila, umekwisha kunyang'anywa Aliyetundikwa juu yake.

Zaidi ya hayo, kidonda kikubwa cha Kanisa la Ufaransa hakikutoka kwa Serikali. Oktoba 2021 tume huru, iliyoundwa kwa ombi la maaskofu na wakuu wa mashirika ya kitawa, ilikadiria kwamba tangu mwaka 1950 watu 216,000 walinyanyaswa utotoni na mapadre na watawa. Tunaandika idadi hiyo kwa aibu, sisi tulio mapadre. Na katika jambo la uhai, Machi 2024 Bunge liliingiza uhuru wa kutoa mimba katika Katiba kwa kura 780 dhidi ya 72. Palipokuwa na sauti ya maaskofu, wachache walisikiliza.

Hata hivyo, Bwana hajamaliza kazi yake. Katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 2025 watu wazima zaidi ya 10,000 walibatizwa nchini humo, wakiwa wameongezeka kwa zaidi ya theluthi moja kutoka 7,135 wa mwaka uliotangulia. Na kundi kubwa kati yao ni vijana wa miaka 18 hadi 25. Wengi hawakurithi imani nyumbani. Hawakuja kwa sababu ya mfalme, wala kwa desturi, wala kwa kulazimishwa. Ni idadi ndogo kwa taifa la watu zaidi ya milioni 68, na tusiigeuze kuwa tarumbeta. Lakini ni wakatekumeni wa kweli, mmoja mmoja, kama alivyokuwa Clovis kabla hajafanywa kuwa ishara ya taifa.

Somo kwetu

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya uhuru wa dini la mwaka 1965, ulifundisha kwamba hakuna anayepaswa kulazimishwa kutenda kinyume cha dhamiri yake, wala kuzuiwa kuifuata. Naye Papa Fransisko, alipofika Ajaccio katika kisiwa cha Corsica tarehe 15 Desemba 2024, alisifu mfumo wa dola usioganda, wenye kujua kushirikiana na ibada za watu bila kuchanganyika nazo. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 3, yaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Maneno yanafanana na ya Ufaransa, lakini historia hazifanani: sisi hatukulifikia neno hilo kwa kupitia gilotini. Tulitunze basi, na tusiombe Serikali itufanyie kazi ambayo Kristo alitupa sisi.

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Ufaransa yatuonya kwamba hata anayeishika asili anaweza kuishika kwa mkono mtupu, akabaki na majengo, sikukuu na majina ya watakatifu, bila Yule waliyemtumikia. Mwaka 1980, akiwa Le Bourget, Mtakatifu Yohane Paulo II aliiuliza Ufaransa kama ingali mwaminifu kwa ahadi za ubatizo wake. Swali hilo halikufungwa kwa mpaka wa nchi. Parokia zetu zimejaa leo. Na Reims nako kulijaa. Kila mzazi anayemleta mtoto kisimani ajiulize kama anamletea imani au anamletea desturi.

Tuwakumbuke katika sala ndugu zetu wa Ufaransa, wabatizwa wapya, wahanga wa manyanyaso, na mapadre wa Kiafrika wanaohudumu huko, wakirudisha deni la Bagamoyo. Watakatifu watawa wa Compiègne, mtuombee. Mtakatifu Yoana wa Arko, utuombee.